Barafu ya Bisimwa

Nyinyi wadogo wa kalasi ya kwanza, mnaonizunguka kila rekreasio, saa ya mapumziko, mkiniita yaya, kaka mkubwa, na kuuliza "yaya Mugisho, barafu iko wapi?", jibu ni hili: nimestaafu. Msinitazame hivyo. Papa wangu ana miaka ishirini na moja katika ofisi ile ile na bado wanamwambia angoje. Mimi nilifanya kazi miaka mitatu, nikajiruhusu mwenyewe nikiwa na miaka kumi na sita, bila barua, bila muhuri, bila mtu kusimama na kusoma hotuba. Nilichobaki nacho ni makovu manne ya vidole, ujuzi usioulizwa katika mtihani wowote, na frigo ya petroli iliyosimama jikoni kwetu, Kadutu, mlango wazi ili isinuke.

Naandika katika kaye hii, daftari la hesabu, kwa sababu hesabu zenyewe zilikataa kuingia. Ipitisheni benchi kwa benchi. Atakayechora masharubu pembeni namjua, na papa yake namjua.

Kwanza tuelewane. Nikisema barafu sisemi ile ya maji na unga wa rangi, inayowaacha na ulimi wa kijani kama kinyonga mwenye homa. Yetu ilikuwa ya matunda na mboga: karoti, boga, maracuja ambayo wengine huiita pasheni, ndizi, betterave, ule mzizi mwekundu, na ile nyanya ya mti yenye umbo la yai ambayo sisi hapa tunaiita prune. Sukari kidogo sana, mara nyingi hakuna kabisa. Si kwamba tulikuwa watakatifu. Sukari ilikuwa imepotea madukani. Mtu akiwaambia kwamba barafu ya Mugisho ilikuwa ya afya, mwambieni ndiyo, afya ile ililetwa na umaskini, nasi tukaipokea kwa mikono miwili.

Nimesema "yetu" kwa sababu tulikuwa wawili, mimi na Bisimwa.

Bisimwa alikaa chini yetu. Mlima wetu umepangwa nyumba kama ngazi, na bati la kwao lilikuwa chini ya ukingo wa uwanja wetu. Sikuhitaji kuteremka kumwita. Nilidondosha kijiwe juu ya bati, ko!, naye akatoka akinitukana. Mama yake akatoka nyuma yake akinitukana zaidi. Ndivyo kazi ilivyoanza kila Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, tukiwa bado na udongo wa mitaro miguuni.

Kwetu tulikuwa Papa na mimi tu. Mama alituacha nikiwa mdogo, na Papa ni mtu wa maneno machache. Anaweza kumaliza sahani nzima ya ugali na sombe akasema "chumvi" tu, basi. Kelele ya nyumba yetu alikuwa Bisimwa.

Frigo tuliipata kwa mzungu mmoja aliyefanya kazi karibu na ofisi ya Papa. Alipokuwa akirudi kwao alimwachia Papa. Nyeupe, ndefu kama mimi, na chini yake tanki ya petroli, yaani mafuta ya taa, na utambi kama wa taa. Ndiyo, moto chini, baridi juu. Msiniulize inawezekanaje, nilimwuliza mwalimu wa fizikia akanipigisha magoti. Kule kwetu juu nyaya za umeme hazijafika, kwa hiyo ni frigo ya moto au hakuna frigo.

Tukaiwasha. Mwezi mzima haikutoa hata jasho. Papa akaanza kuweka humo viatu vyake vya Jumapili.

Aliyetuokoa ni Maman Nsimire, muuza matunda wa soko la Nyawera. Zamani alikuwa mpishi wa masista, na mashine za namna ile alizijua kuliko masista wenyewe. Bisimwa alimweleza shida yetu huku akimwibia pera.

"Munakaa wapi?"

"Kadutu, maman."

"Kadutu ya juu?"

"Ya juu kabisa."

Alicheka mpaka maracuja zikabingirika mezani. "Eh, batoto! Ile mashini haipende mulima. Inapenda fasi ya sawasawa, kama meza ya padri. Ikiinama kidogo tu, inanuna. Na ile pera, rudisha."

Tukaweka sahani ya maji juu ya frigo. Maji yote yakakimbilia upande wa ziwa. Kadutu hakuna kitu kilicho sawa. Hata supu kwenye sahani ina upande wenye kina. Tukaweka tofali chini ya mguu, halafu kipande cha ubao, halafu kitabu changu cha jiografia, ambacho mpaka leo ndicho kitabu kilichonifaa kuliko vyote. Maji yakatulia katikati. Jumapili asubuhi viatu vya Papa vilikuwa vigumu kama mbao, naye akavivaa hivyo hivyo akaenda misa.

Kwa hiyo andikeni: sahani ya maji juu ya frigo, kila wiki, kwa sababu nyumba za mlimani zinatembea polepole. Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, utambi haukukatwa vizuri, nanyi mtapata masizi badala ya baridi. Na siku ikikataa kabisa, dawa ni ile ya Maman Nsimire.

"Muipindue kichwa chini, miguu yulu, kama mutoto mwenye alimeza jiwe. Mungoje. Kisha muirudishe, muiache ilale siku moja. Njo muwashe."

Tulidhani anatucheka. Lakini mara ya kwanza ilipokataa tukaipindua, mimi kichwani, Bisimwa miguuni, tukasahau kutoa tanki. Petroli yote ikaingia katika kapu la maharagwe. Tulikula yale maharagwe wiki nzima kwa sababu Papa hatupi chakula, na Bisimwa alinikataza kukaribia taa nikiwa nimeshiba. Frigo ikapona. Lakini kazi ile ni ya watu wawili.

Vyombo vyetu vilikuwa makopo madogo ya tomati, yale ambayo bamama wa soko wanapimia unga. Ukingo unaupigapiga kwa jiwe mpaka uache kukata. Mimi niliacha kupiga mapema, ndiyo yale makovu. Kijiti ni cha mwanzi, kichunwe vizuri, la sivyo mteja atatoka na mwiba kwenye ulimi. Usijaze mpaka juu. Acha nafasi ya kidole, kwa sababu maji yakiganda yanataka kiti kikubwa zaidi. Kutoa, chovya kopo katika maji ya vuguvugu, hesabu mpaka kumi, vuta.

Barafu ya kwanza ya maracuja tuliigandisha katika makopo hayo. Bisimwa akaonja, akatema mpaka kwenye bati la kwao.

"Mugisho, hii haiko tunda. Hii ni kulamba musumari ya kanisa."

Alisema kweli. Kitu chenye uchachu kinakula bati. Tangu siku hiyo maracuja na prune tuliziweka katika gobele, vile vikombe vya plastiki, na makopo tukayaachia karoti, boga na ndizi.

Bisimwa ndiye aliyekuwa mwonjaji, na sijapata kuona mwonjaji mwenye mdomo mbaya kama ule. Barafu mbaya aliitema na kuitukana. Nzuri aliila yote, halafu akatukana mikono yangu, masikio yangu, na siku niliyozaliwa. Hakuna siku aliyosema "nzuri". Mimi nilijua kazi imetoka vizuri kwa kuangalia tusi limekwenda wapi: kwa barafu au kwangu.

Mengine tuliyojifunza nawapa bure. Baridi inakula utamu, kwa hiyo mchanganyiko uwe mtamu kupita kiasi kabla ya kuganda. Ukiwa sawa kwenye kijiko, utakuwa maji matupu kwenye kijiti. Maracuja chagua yenye makunyanzi kama uso wa kizee. Yenye ngozi laini bado ni mwanafunzi. Karoti ichemshe kwanza, uiponde, uichuje kwa kitambaa safi. Mbichi itabaki nyuzinyuzi kama ndevu. Ndizi iliyokuwa nyeusi, ile ambayo muuzaji anaona haya kuionyesha, ndiyo sukari yenu. Igandishe, iponde, igandishe tena: itateleza mdomoni kana kwamba ina maziwa. Na maji yachemshwe. Hapa sichezi. Sisi tulichemsha hata siku tulizochoka.

Maziwa yenyewe yana kesi yake. Tulipata kopo la maziwa ya unga, tukachanganya na papayi mbichi iliyopondwa, tukaonja, ikawa tamu, tukalala tukiwa matajiri. Kesho yake tukampa prefe wa masomo, mkuu wa shule yetu, barafu ya kwanza, kwa heshima. Papayi mbichi na maziwa, mkiviacha pamoja, vinageuka uchungu. Sisi hatukujua. Prefe alilamba mara moja, akavua miwani.

"Ni nani alitengeneza hii?"

"Ni siye, Citoyen Prefe."

"Muliweka ndani dawa ya malaria?"

"Hapana, Citoyen Prefe. Papayi na maziwa."

"Muzuri. Mutakula yote yenye ilibakia. Hapa. Mbele yangu."

Zilikuwa zimebaki kumi na moja. Kwenye ya nne Bisimwa aliinua mkono. "Citoyen Prefe, malaria yangu imeisha."

Tukaongezewa siku tatu za kufagia uwanja.

Na betterave. Ile haikuwa kosa, ile ilikuwa dhambi. Betterave iliyochemshwa na limau kidogo ni barafu nzuri sana, nyekundu kama kofia ya kardinali, lakini watu wengine wakiila, choo kidogo kinatoka chekundu pia. Sisi tulilijua hilo. Wadogo wa mwaka ule, waliokuwa mahali penu, hawakulijua. Walitoka msalani watano wakikimbia, wanalia. Bisimwa akawapokea kwa uso wa daktari, akawagusa paji la uso mmoja mmoja, akatikisa kichwa.

"Kila mutu aniambie nani atamuachia bille yake."

Wakamwachia yeye. Gololi hizo alizirudisha jioni, isipokuwa moja ya buluu.

Basi ndivyo tulivyoishi. Halafu ikaja dhahabu.

Mwaka ule watu walikuwa na neno moja mdomoni, Luhwindja. Fulani amekwenda Luhwindja, fulani ametoka Luhwindja amemjengea mama yake nyumba ya bati. Benchi za kalasi yetu zikaanza kuwa na nafasi. Kaka yake Bisimwa alikuwa tayari kule kwenye mashimo, na mwanzoni mwa vakansi kubwa akatuma ujumbe: mdogo wangu aje, tunahitaji mikono.

Siku ya kuondoka kwake tulikuwa tunapika. Wiki tatu tulikuwa tukipigana na prune. Ngozi yake ni chungu. Lazima uimwagie maji ya moto, uivue, uchukue nyama peke yake. Tukaijaribu na nanasi, ikakataa. Na boga, ikakataa. Asubuhi ile nikaipiga na karoti na ndizi mbili nyeusi. Bisimwa alichovya kidole kabla haijaganda. Akalamba. Akachovya tena.

"Weye mbwa," alisema.

Nilifurahi kuliko siku ya proklamasio, matokeo ya mtihani yanaposomwa.

Lakini lori lilikuwa linaondoka saa sita, na barafu haiwezi kuharakishwa. Akafunga nguo zake katika kitambaa pamoja na sufuria moja.

"Niwekee moja," alisema. "Noeli niko narudia."

"Itakuwa jiwe."

"Njo uniwekee jiwe, basi."

Akateremka mlima bila kugeuka, kwa sababu pale petu ukigeuka unaanguka.

Nyingine niliziuza. Moja nikaiweka nyuma kabisa, karibu na chuma, mahali baridi inapouma. Nikajiambia: mpaka Noeli. Nilijua ni upuuzi. Barafu ya matunda inafaa kuliwa ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo inaanza kuwa na ladha ya kila kitu kilichopita katika frigo. Hata hivyo nilianza kuamini, na msicheke, kwamba ile ikiwa bado imeganda, yule naye yupo.

Kazi ya peke yangu niliifanya. Kopo nilishika kwa magoti, kijiti kwa meno. Kilichonishinda ni kuonja. Nilionja nikajiambia, Mugisho, hii ni takataka. Nikangoja. Haikuuma. Mtu hawezi kujitukana vizuri.

Jumamosi moja, baada ya salongo, mkono wangu ulidondosha kijiwe kabla kichwa hakijakumbuka. Ko! Mama Bisimwa akatoka, akatazama juu. Nikajikunja kungoja tusi.

"Mugisho, mwanangu," alisema taratibu. "Haiko."

Akabaki pale chini na kitambaa chake cha kufutia masufuria, nami nikabaki pale juu. Hakuna aliyejua nani aingie ndani kwanza.

Kalasi ilipoanza, mahali pake kwenye benchi niliweka mfuko wangu. Wenzangu walikwenda ziwani kuogelea. Mimi nilikwenda kupanga foleni ya petroli na bido, dumu letu, kwa sababu mwali ukizimika siku mbili, kwisha. Mjomba alinialika Walungu kwa mavuno ya maharagwe. Nikasema nina mtihani. Nilikuwa na frigo. Wenye frigo za umeme wanasema zinanguruma usiku na mchana. Ya petroli haisemi kitu. Nilikaa jikoni na Papa akakaa saloni, chumba cha mbele, na frigo katikati yetu.

Mwezi wa kumi na moja ikakataa. Mwali ulikuwa wa buluu, sahani ilikuwa na maji katikati, na ndani joto kama kwapani. Nilijua dawa. Nikatoa tanki. Nikatoa gobele ya Bisimwa, nikaifunga katika blanketi na vipande vya barafu vilivyosalia. Nikaikumbatia frigo, nikavuta.

Wadogo zangu, msijaribu. Ilikubali kuinama, halafu ikaniegemea. Nikawa katikati ya ukuta na frigo, imeinama, mikono yangu imeibeba. Nikiiachilia, itaniponda miguu na kuvunjika. Kuirudisha, nguvu sina. Ilikuwa saa tisa. Nikaita. Majirani walikuwa sokoni. Nikaimba nyimbo zote za animasio, zile za kusifu chama, ninazozijua, halafu nikaimba za kanisa. Saa kumi nilikuwa nimeanza kuisimulia frigo yale ya prefe na papayi.

Papa aliingia saa kumi na moja, na abakosti yake, lile koti lisilovaliwa tai, na mfuko wake wa ofisi. Akasimama mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Niko naipindua, Papa."

"Peke yako?"

"Ee, Papa."

Akaweka mfuko chini. Akavua abakosti, akaitundika kwenye msumari wa masufuria. Sijawahi kumwona na singileti jikoni.

"Tanki ulitosha?"

"Nilitosha, iko pale inje."

"Na ile ya Bisimwa?"

Sikujua kwamba anajua. Nikamwonyesha blanketi kwa kidevu. Akafungua. Ilikuwa imekwisha kuwa maji ya rangi ya machungwa, na kijiti kikielea.

"Basi, imekufa," nilisema.

Papa aliitazama ile gobele kama anavyotazama barua ofisini. "Maji ni ile ile," alisema. "Utairudisha." Akashika miguu ya frigo.

Tukaipindua. Halafu tukakaa chini, kwenye sakafu, tukingoja, kwa sababu dawa ile ni kungoja. Papa ndiye aliyeanza kuongea.

"Mu biro yetu tulikuwaka wawili. Meza yake ilitazama yangu. Walimuita Kinshasa. Alisema, ni mwaka moja tu."

"Ni mingapi sasa?"

"Tisa." Akafuta vumbi kwenye goti. "Ile meza, kila mara wanataka kuweka makaratasi yulu yake. Nakatala."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa mara moja, na baada yake akaomba chumvi ingawa hapakuwa na chakula. Tulicheka kidogo.

Frigo ikapona. Gobele nikairudisha. Kama mtaalamu nawakataza: barafu iliyoyeyuka isirudishwe. Inakuwa chembechembe kama mchanga, na inaweza kumwumiza mtu tumbo. Mimi niliirudisha.

Bisimwa alikuja siku moja kabla ya Noeli. Nilikuwa jikoni, nikasikia mtu anapiga hodi kwenye mlango wa mbele. Mlango ule wanapigia wageni. Papa akamfungulia. Alikuwa na buti, koti la mtu mkubwa kuliko yeye, na sauti iliyoshuka. Kucha zake zilikuwa zimepasuka na udongo mwekundu umelala ndani. Alikohoa akigeuza uso, kwa adabu. Alimletea Papa sabuni na kilo ya nyama, akakaa kwenye kiti cha saloni, magoti pamoja.

Mimi nikakimbia jikoni. Nililiandaa tukio hili mwezi mzima. Nilijua barafu ile ni mbaya: mchanga, ladha ya kitunguu na ya miezi sita. Nilijua atakachosema, na nilikuwa na majibu, tena nimeyafanyia mazoezi. Nikaichomoa, nikaiweka kwenye kisahani, nikaleta.

"Hii hapa, jiwe yako."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akauma. Akatafuna polepole. Nikangoja. Akauma tena. Akaila yote mpaka kijiti, akafuta mdomo kwa kitambaa, akaweka kijiti kwenye kisahani kwa taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja chombo cha watu.

"Iko muzuri sana," alisema. "Aksanti, Mugisho."

Nilicheka, nikidhani tusi liko njiani. Halikuja.

"Bisimwa, ile kitu iko mubaya."

"Hapana. Iko muzuri tu."

"Inanuka kitunguu!"

"Kule," alisema kwa upole, "mutu akikupa kitu, unakula, unasema aksanti. Juu kesho pengine hatapanda tena kutoka mu shimo, na weye ulimutukana."

Papa akatazama sakafu. Majibu yangu yote niliyoyaandaa yalikuwa ya matusi.

Akatueleza kidogo: giza la kule chini, kamba, maji yanayoingia. Akauliza kama frigo ingali. Nikasema ingali. Hakuinuka kwenda kuiona. Baadaye nilimsindikiza mpaka ukingo wa uwanja, naye akasimama.

"Kuya na miye, twende," alisema. "Mu shimo haifai kukaa peke yako. Miye niko na kaka, lakini kaka anachimba, haongee."

Nawaambia ukweli, kwa kuwa mnadhani mimi nacheza tu: miguu yangu ilitaka. Ningefunga nguo siku hiyo hiyo. Nikatazama nyuma, nikaona kupitia dirishani Papa anachukua kisahani, anakipeleka jikoni, anakiosha, na nyumba nzima haina mtu mwingine.

"Siweze," nilisema.

"Naelewa," alisema Bisimwa. Yule wa zamani angenitupia kinyesi cha mbuzi. Huyu alinipa mkono.

Baada ya mwaka mpya akaondoka tena. Mimi nikatengeneza karoti mara moja zaidi, makopo ishirini, kwa uangalifu wote. Nikaonja ya kwanza, nikaonja ya pili. Sikujua kama ni nzuri. Nilikaa na kijiti mdomoni, sikujua. Nikawagawia watoto wa chini, nikapuliza mwali ukazimika. Ndivyo nilivyostaafu.

Sasa basi. Frigo ipo, na Papa amekubali itoke. Makopo yapo, vijiti, sahani ya maji, hata jiografia, chukueni, siulizi kitu. Lakini simpi mtu mmoja. Cirhuza, wewe uliyekuja jana peke yako ukasema una nguvu, rudi kwenu utafute mwenzako. Na usimlete mpole. Leta mtu mtakayegombana tangu kwenye soko la Nyawera mpaka mlangoni kwetu.

Jumamosi, baada ya salongo. Mmoja atashika kichwa, mmoja miguu, na tanki mtakuwa mmetoa. Njia ya kushuka ni mbaya, ina utelezi, na nyinyi wote hamjui kubeba. Mimi nitasimama pale juu kwenye ukingo, nikiwatukana mpaka mfike chini.